Pumzi ya Kununua

Nje ya Ngome ya Yesu, Mombasa, ipo mizinga miwili ya chuma ambayo wageni huipiga picha na kupita. Mmoja ni wa Pegasus, manowari ya Uingereza iliyozamishwa Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Wa pili ni wa Königsberg, manowari ya Ujerumani iliyoizamisha hiyo Pegasus, na ambayo nayo iliishia kwenye delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Aliyeiweka jirani hakuona haja ya kuwauliza wahusika. Ukiingia ndani, kwenye kuta zilizoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, utakuta mizinga mikongwe zaidi, ile ya kushindiliwa baruti mdomoni.

Mzinga, kwa jicho la fundi, ni injini ya silinda moja ambayo kasoro yake kubwa ni kwamba pistoni ikishatoka hairudi. Mengine yote yapo: chumba cha mwako, kiwashio, na gesi ya moto inayosukuma chuma. Kinachokosekana ni kabureta, kwa kuwa mzinga hauvuti hewa. Ukishashindilia baruti na tufe, hewa iliyobaki ndani haitoshi kuunguza hata makaa ya kuchemshia kahawa. Kwa hiyo moto wa mzinga hutumia oksijeni iliyofungashwa pamoja na kuni zake.

Baruti nyeusi, kwa kipimo kilichokuja kuzoeleka, ni shura sehemu 75, makaa 15 na kiberiti 10. Watu hukisifu kiberiti kwa sababu ndicho chenye harufu. Kinachoungua hasa ni makaa, na kinachoyawezesha kuungua upesi namna ile ni shura, ambayo karibu asilimia 47 ya uzito wake ni oksijeni tupu. Wakati Königsberg inaingia Unguja, baruti ilikuwa imebadilika na moshi umepungua sana, kwa kuwa oksijeni ilikuwa imepachikwa ndani ya molekuli ileile inayoungua. Ufundi ulikwenda mbele, ila hoja ilibaki palepale. Mwenye kutaka nguvu nyingi ndani ya chumba kidogo asihangaike kwanza na mafuta. Ahangaikie pumzi.

Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ngome hii ilizingirwa na Waomani, huku Wareno wakisubiri msaada wa meli kutoka Goa. Moja ya meli hizo, Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 chini ya ngome yenyewe, na katika miaka ya 1970 wapiga mbizi walianza kuichunguza. Miaka miwili na ushei ya kukaa na baruti katika unyevu wa Mombasa si jambo dogo. Shura isiyosafishwa vizuri hunywa maji ya hewani, na baruti yenye maji huungua kwa uvivu. Mpiga mzinga alilazimika kupima baruti kwa kulinganisha na uzito wa tufe na hali ya bomba lake. Akipunja, tufe linaangukia majini karibu naye na adui anacheka. Akizidisha, bomba linapasuka katikati ya wenzake. Kati ya aibu na msiba palikuwa na kijiko cha kupimia, basi.

Nimeanzia kwenye mizinga kwa sababu tangu filamu ya The Fast and the Furious itoke mwaka 2001, vijana wa mjini wamekuwa na imani moja juu ya naitrasi oksaidi, au nosi kama wanavyoiita: kwamba ni petroli kali sana, ya buluu, na ukiiachia gari linaruka. Nosi haiungui. Ukiielekezea kiberiti chenye moto haishiki kama petroli inavyoshika. Kazi yake ni ileile ya shura ngomeni. Molekuli yake ina naitrojeni mbili na oksijeni moja, na inapofika joto la nyuzi 300 hivi inaanza kuachana, oksijeni ikienda kwenye petroli na naitrojeni ikibaki kupooza mchafuko. Hewa ya kawaida, kwa uzito, ina oksijeni asilimia 23. Nosi ina asilimia 36.4. Kwa bahati tu, nyuzi 36.4 za Selsiasi ndizo pia kikomo chake cha kukaa kama kimiminika. Ikizidi hapo, hakuna shinikizo litakaloirudisha kuwa majimaji. Hilo la pili lina uzito kwa mji kama Mombasa, na nitalirudia.

Gesi yenyewe ni ya zamani. Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772, Humphry Davy akaivuta mpaka akacheka, na mwaka 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, akaona kuwa mtu aliyeivuta hasikii jino linapong'olewa. Kutoka kwenye meno hadi kwenye injini ilichukua karibu miaka 100 na vita. Wajerumani waliifunga kwenye ndege kama Messerschmitt Bf 109, kwa mfumo waliouita GM-1, ili injini ipate pumzi kule juu ambako hewa ni nyembamba. Rubani alipewa oksijeni yake ya kuvutia, na injini ikapewa ya kwake.

Baada ya vita, waliolichukua jambo hili kwa bidii ya kupita kiasi ni washindani wa magari wa Marekani, na baadaye waendeshaji wa pikipiki za theluji. Hizi za mwisho hazina wenzake Mombasa, ingawa injini zake zinao. Baada ya Joseph-Armand Bombardier kutoa Ski-Doo yake kule Quebec mwaka 1959, pikipiki za theluji zilikuja kukaa miongo mingi zikitumia injini za mipigo miwili: nyepesi, hazina valvu za juu, na oili huungua pamoja na petroli. Simama juu ya ukuta wa ngome unaotazama bahari, asubuhi boti zinapotoka Bandari ya Kale, na utazisikia binamu zake. Mashine nyingi za kufunga nyuma ya boti katika mwambao huu, hasa zile Yamaha za Enduro za farasi 15 na 40, ni za ukoo huohuo wa mipigo miwili. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anayetaka kujua nosi inafanya nini kwenye injini ya aina hii amsikilize mtu wa Quebec, hata kama hawatakutana. Mkenya anayekumbukwa zaidi kwenye theluji ni Philip Boit, Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na yeye alitumia miguu.

Sasa tuingie kwenye mitambo. Ukimpa mtu pumzi zaidi bila chakula, hanenepi. Nosi inayoingia peke yake inaongeza oksijeni, petroli inabaki ileile, na mwako unakuwa mkavu na mkali. Katika injini ya mipigo miwili hatari hiyo huja upesi kuliko katika injini ya gari la kawaida, kwa sababu petroli na oili zinazoingia ndizo pia zinazoipooza pistoni na kuilainishia njia. Mchanganyiko ukikauka, pistoni inapoteza mwako mzuri, ubaridi na mafuta ya kulainisha kwa mkupuo mmoja. Matokeo yake ni tundu katikati ya kichwa cha pistoni, la mviringo, kana kwamba limetobolewa na fundi seremala. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hawaanzi kwa kuuliza chupa ina kilo ngapi. Wanauliza petroli ya ziada itapita wapi.

Majibu ni mawili. Mfumo wa kwanza unapuliza nosi peke yake na kuiachia kabureta au kompyuta ya injini jukumu la kuongeza petroli. Wa pili una pampu yake ya petroli, solenoidi mbili zinazofunguka kwa pamoja, na mdomo mmoja ambamo nosi na petroli hukutana kabla ya kuingia kwenye injini. Mimi, kwa injini ya kabureta, ningechagua wa pili bila mjadala. Kabureta ya kawaida imetengenezwa isome hewa inayopita kooni mwake. Nosi haipiti njia hiyo, na kuitarajia kabureta iongeze petroli kwa ajili ya mgeni asiyepita mlangoni ni kuipa kazi ya uaguzi.

Kipimo chenyewe kinatoka kwenye kemia. Petroli kilo 1 inahitaji hewa kilo 14.7 hivi ili iungue yote bila kubakisha. Kwa nosi, petroli hiyohiyo inahitaji kilo 9 na ushei tu, kwa kuwa nosi imebeba oksijeni nyingi zaidi. Hakuna fundi mwenye akili anayefunga injini kwenye kipimo hicho. Wanaongeza petroli kupita hapo, wakipoteza nguvu kidogo kwa makusudi, ili ile inayobaki bila kuungua ikapooze kichwa cha pistoni. Wanaanza na petroli ya kupita kiasi, wanaangalia, kisha wanapunguza hatua kwa hatua. Wanaofanya kinyume, yaani kuanza pakavu na kuongeza, hujifunza bei ya pistoni.

Kupunguza na kuongeza hufanywa kwa jeti, vile vishaba vidogo vyenye tundu la kupimwa. Hapa hesabu inamdanganya mwenye macho. Kinachopita kwenye tundu kinategemea eneo lake, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Jeti ya milimita 0.6 ikiwa karibu na ya milimita 0.5 mkononi, huoni tofauti. Ila ya kwanza inapitisha asilimia 44 zaidi. Fundi anayetanua jeti kwa waya wa baiskeli, na wapo, hajui amepitisha nini. Anajua tu kwamba sasa inapita zaidi.

Halafu kuna joto la chupa, na hapa ndipo Quebec na Mombasa zinapoachana. Nosi ndani ya chupa ni kimiminika kilichojibana kwa mvuke wake wenyewe, na shinikizo la mvuke huo linategemea joto peke yake. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo kwa mtu wa pikipiki ya theluji ni asubuhi ya kawaida, chupa ina shinikizo la baa 18 hivi. Kwenye nyuzi 0 ni baa 31. Kwenye nyuzi 30 ni baa 63. Petroli haina habari na mabadiliko hayo. Pampu yake inaisukuma kwa nguvu ileile. Kwa hiyo injini iliyowekwa sawa chupa ikiwa kwenye nyuzi 0, ukiipeleka kwenye nyuzi 30, shinikizo la nosi linazidi maradufu. Kwa kuwa mpito kwenye jeti hukua takriban kwa kipeuo cha pili cha shinikizo, unapata nosi zaidi kwa asilimia 40 hivi kwa petroli ileile. Ulilala na mchanganyiko mzuri, umeamka na tundu kwenye pistoni, na hakuna aliyegusa skrubu.

Kwa sababu hiyo, watu wa theluji huvalisha chupa zao blanketi la umeme. Wanataka baa 60 hadi 70, wapate mpito usiobadilika. Mombasa blanketi hilo halihitajiki. Kivulini, hapo Mji wa Kale, chupa itakaa kwenye nyuzi 28 hadi 32 yenyewe, na shinikizo litakuwa lile ambalo mtu wa Quebec ananunua kwa betri na waya. Hii ni faida pekee ya nosi ambayo Mombasa imepewa bure, na inaishia kwenye mpaka wa kivuli. Weka chupa kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani Makadara saa saba mchana, na joto litapita zile nyuzi 36.4. Tangu hapo hakuna tena majimaji ya kuchotwa chini na mvuke wa juu. Kuna kitu kimoja kizito kinachotanuka, na geji inapanda bila breki. Chupa halali ina kizibo cha usalama kinachopasuka kabla chupa haijapasuka, na hujazwa kwa uzito kwenye mizani, ikiachwa nafasi ya kutanuka. Chupa iliyojazwa kwa kukisia, mpaka isikubali tena, haina nafasi hiyo. Kizibo kikikatika ndani ya gari lililofungwa vioo, abiria watapata kilo kadhaa za gesi ya daktari wa meno kwa mara moja.

Niseme hapohapo kwamba gesi inayouzwa kwa ajili ya magari huchanganywa na salfa dayoksaidi kidogo ili mtu asitamani kuivuta. Ni moja ya nyakati adimu ambapo mfanyabiashara anaharibu bidhaa yake kwa kumhurumia mnunuzi.

Baada ya petroli na joto, linafuata suala la lini cheche ipige. Mchanganyiko wenye oksijeni nyingi huungua haraka. Cheche iliyokuwa inapiga kwa wakati wake sasa inapiga mapema, na shinikizo linafika kileleni pistoni ikiwa bado inapanda. Taimingi inarudishwa nyuma. Kwenye injini kubwa za Marekani za silinda 8, kanuni ya mtaani ni digrii 2 kwa kila farasi 50 za kuongezwa, na kwenye injini ndogo watu huenda kwa tahadhari zaidi. Plagi zinabadilishwa ziwe za baridi zaidi, na mwanya wake unafinywa. Swichi inafungwa ili nosi ifunguke pale tu mafuta yamekanyagwa yote na injini inazunguka kwa kasi ya kutosha. Ikifunguka injini ikiwa taratibu, oksijeni yote ile inakutana na pistoni isiyokuwa na haraka, na kichwa cha silinda hunyanyuka.

Kisha unasoma plagi. Injini inapelekwa mbio zote kwa muda mfupi, inazimwa ghafla bila kuachwa iungurume, plagi inafunguliwa ikiwa moto. Rangi ya kauri inasema mengi. Ukiona vidoadoa vidogo vinavyong'aa kama unga wa fedha, usifurahi: hiyo ni aluminiamu, na imetoka kwenye pistoni. Sijaona kipimo cha kielektroniki kinachotoa habari mbaya kwa uwazi wa namna hiyo.

Hata hayo yote yakiwa sawa, pikipiki ya theluji inaweza isiende mbele hata hatua moja ya ziada, na hili ndilo linalowashangaza wanaoanza. Haina gia. Ina mkanda na puli mbili zinazojitanua na kujibana kwa vyuma vizito vinavyosukumwa na mzunguko, na vyuma hivyo vimechaguliwa ili injini ikae kwenye kasi moja tu, ile ambayo ekzosi yake imetengenezwa kuipenda. Ekzosi ya mipigo miwili si bomba la kutolea moshi tu. Tumbo lake lililotanuka linarudisha wimbi la shinikizo nyuma, ambalo likifika kwa wakati hurudisha ndani ya silinda petroli iliyokuwa inataka kutoroka. Nosi inaongeza farasi 30 au 40. Puli, ikiwa na vyuma vilevile vyepesi, inashindwa kuizuia injini, nayo inakimbia kupita kasi yake. Wimbi linachelewa. Wakati huohuo moshi umekuwa wa moto zaidi, na wimbi husafiri upesi zaidi katika gesi ya moto, kwa hiyo ile kasi nzuri yenyewe imesogea. Mtu amenunua nguvu na kuimwaga kwa mkupuo mmoja. Inabidi aongeze uzito kwenye puli, gramu kwa gramu, akirudi kila mara kwenye jeti na plagi.

Turudi kwenye kisiwa cha Mvita. Je, injini za hapa zina kiu ya oksijeni kweli? Kwa hesabu, zinayo. Hewa ya nyuzi 30 ni nyembamba kuliko ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa asilimia 16 au 17, na unyevu wa pwani hukalia nafasi nyingine ya asilimia 3 hivi iliyokuwa ya hewa. Ukijumlisha, injini iliyoko Liwatoni inapata karibu moja ya tano pungufu kwa kila mvuto ikilinganishwa na ile iliyoko kwenye barafu usawa wa bahari. Lakini ilinganishe na Nairobi, mita 1,700 hivi juu, na Mombasa inageuka kuwa tajiri. Wenye malori wanalijua jambo hili bila kipimahewa: kushuka Mariakani injini inaitika, kupanda inalalamika.

Hapo pana mtego ambao nadhani umeua mashine nyingi kuliko ambavyo nosi itawahi kuua katika mji huu. Kabureta iliyowekwa sawa Nairobi imepimiwa hewa nyembamba, kwa hiyo jeti yake ni ndogo. Ishushe pwani bila kuigusa, hewa inakuwa nzito, petroli inabaki ya mlimani, na mchanganyiko unakauka. Mwenye mashine hufurahi wiki ya kwanza kwa sababu inavuta vizuri. Mchanganyiko ulioanza kukauka huvuta vizuri kweli, kabla ya kuchoma. Timu za Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, zililijua hilo vizuri katika miaka ambayo njia ilishuka hadi pwani na kupanda tena nyanda za juu. Suluhisho lililokuja kushinda huko halikuwa chupa. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda Safari na Toyota Celica yenye tabo, yaani pampu inayozungushwa na moshi na kushindilia hewa ileile ya bure ndani ya silinda, kilima hadi bahari, bila kuhitaji kujazwa.

Kuna pia suala la petroli. Septemba 2018 serikali ya Kenya ilianza kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na sababu iliyotajwa waziwazi ilikuwa kuzuia uchakachuaji, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu na yalikuwa yakimiminwa kwenye dizeli na petroli. Ushuru wa namna hiyo hauwekwi kwa ajili ya tatizo la kufikirika. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, na petroli iliyochanganywa nayo huanza kugonga, yaani kulipuka kwa wakati wake wenyewe badala ya kungoja moto wa cheche uifikie. Injini ya kawaida huvumilia kugonga huko kwa kelele. Injini yenye nosi haina nafasi ya kuvumilia. Kwa hiyo kabla mtu hajafunga chupa, afahamu asili ya kila lita anayoitia, jambo ambalo kwa anayejazia dumu kando ya barabara ni mtihani mgumu kuliko kemia yote niliyoieleza hapo juu.

Mafundi wa mashine za boti wana namna yao ya kulipokea hili. Nahodha hufika akilalamika: "Fundi, mashine haivuti kabisa, nataka iongezwe nguvu." Fundi hajibu kuhusu nguvu. "Umetia oili kiasi gani, nahodha?" Halafu anauliza maji yanatoka kwenye kijitundu cha nyuma kwa nguvu au yanadondoka tu. Yakidondoka, pampu ya maji imeliwa na mchanga au njia zimezibwa na chumvi, na injini inachemka. Anafungua kabureta na kukuta ulaji wa chumvi. Anaangalia propela na kuona imepigwa na mwamba. Mashine ya farasi 40 inayotoa 28 haihitaji nosi. Inahitaji zile 12 zake zirudi nyumbani, na gharama yake ni gasketi, jeti mpya na nusu siku.

Tuseme hata hivyo yupo mwenye mashine safi, petroli safi, chupa iliyojazwa kwa mizani, na kiburi cha kutosha. Kwenye boti, kazi inayofanywa na puli ya pikipiki ya theluji hufanywa na propela. Asipobadilisha propela akaweka yenye mkato mkubwa zaidi, injini itazunguka kupita kiasi na propela itachota povu badala ya maji. Akibadilisha, linabaki bodi lenyewe. Boti nyepesi ya faiba yenye tumbo bapa inaweza kunyanyuka na kuteleza juu ya maji, na hiyo itapata faida, kwa muda wa chupa. Mashua ya mbao yenye tumbo la mviringo haitelezi. Inalima maji, na kila bodi la namna hiyo lina kasi ambayo wimbi lake huwa na urefu sawa na bodi, likakaa bondeni kati ya mawimbi mawili liliyoyatengeneza lenyewe. Kwa mashua ya mita 9 kwenye maji, kasi hiyo ni maili 7 za baharini kwa saa, na nukta kidogo. Mashine ya farasi 15 inaifikisha hapo. Ya farasi 40 inaifikisha hapohapo ikiwa imeinua pua. Ya farasi 40 yenye nosi itapita chini ya ukuta wa ngome kwa kasi ileile ya maili 7 na nukta, nyuma yake pakiwa na wimbi kubwa zaidi, na nahodha akimtafuta mtu wa kumjazia chupa.